Siku Niliyokuuliza Waya Upi ni Mzuri

Free Area, Nakuru
Jumapili jioni

Nekesa mwanangu,

Mama yako amekufungia begi mara ya pili. Mara ya kwanza alisahau blanketi, na sasa yuko jikoni anakaanga kuku huku akikukumbusha tena yale ambayo amekuwa akikukumbusha wiki nzima: uchemshe maji ya kunywa, usiweke pesa zako zote mahali pamoja, umpigie simu ukifika Isiolo hata kama umechoka. Hayo namwachia yeye. Anayajua kuliko mimi, na wewe unayajua kuliko sisi wote wawili.

Mimi niko chumbani. Nimesema nina kazi ya kumalizia, na si uongo, ingawa si kazi ya ghala. Nataka kukwambia jambo ambalo ningepaswa kukwambia ana kwa ana miaka mingi iliyopita. Nimejaribu. Shida ni kwamba nikiona aibu huwa naongea nikiangalia chini, na mtu akiangalia chini wewe huyapati maneno yake. Hapa kwenye karatasi utapata kila neno, na ukitaka kurudia utarudia bila kuniomba.

Ni kuhusu ile Pasaka. Unajua ni ipi. Lakini siwezi kuanza na siku yenyewe, kwa sababu nikianza hapo itaonekana kama ajali, na haikuwa ajali. Niliijenga mwenyewe, polepole, kama mtu anayejenga nyumba.

Hadithi ya babu yako unaijua, maana nimeisimulia hadi ikachakaa. Alipotoka Bungoma akiwa kijana, alipata kazi hapa stesheni ya reli, kazi ya kugonga magurudumu. Treni ikisimama, anatembea kando yake na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria iliyoanguka. Wenzake walimwita Masikio, na jina hilo likawa la nyumba yetu yote. Mimi na ndugu yangu Barasa tulikuwa watoto wa Masikio kabla hatujawa Simiyu na Barasa.

Nililishikilia jina hilo. Kule Rongai kwenye ghala ninakopima mahindi, hakuna anayejali kama unasikia vizuri, bora usome mizani. Lakini Jumapili kanisani, nikiwa nyuma ya mitambo ya sauti, nilikuwa mtu. Mwanakwaya mmoja akitoka nje ya sauti, nilimjua bila kuinua kichwa. Ulipozaliwa nilipiga mbinja kando ya kitanda chako, ukageuka. Nikamwambia mama yako, huyu ni wetu. Kana kwamba usingegeuka ungekuwa wa nani?

Ukiwa darasa la tatu nikaleta nyumbani ile home theatre. Unakumbuka maboksi yalivyojaa sebuleni, ukayafanya nyumba yako wiki nzima. TV, amplifaya, spika tano na wufa. Nilikuwa nimeitamani tangu ujana. Nilipoiwasha, ikavuma. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na yule fundi wa kuchomelea mageti, na nyaya za stima za nyumba yetu zilikuwa za zamani. Kila nilipounganisha TV na amplifaya kwa waya wa kawaida wa shaba, chini ya kila sauti kulikuwa na mvumo, kama nyuki walionaswa kwenye debe. Wageni hawakuusikia. Mimi sikuweza kusikia kitu kingine.

Nikaenda kwa Abdalla. Wewe unamjua kama yule mzee wa duka anayekupa peremende hadi leo, lakini wakati huo alikuwa tu mtu niliyenunua kwake betri. Familia yao iko Nakuru tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chao hakijawahi kuhama pwani. Nilipomweleza shida yangu, akanitolea waya mwembamba mweusi wenye ncha za mraba, akaniambia huu ni wa optical, ndani yake hamna shaba, hubeba mwanga tu. Mvumo wa stima hauna pa kupitia. Akauchomeka upande mmoja kwenye TV yake, akanionyesha upande wa pili: kinukta chekundu, kidogo kama jicho la sungura. Akasema sauti yote imo humo.

Nikaupeleka nyumbani, na mvumo ukaisha. Hapo ndipo ningekomea.

Sikukomea. Nikaanza kusoma mitandaoni usemi wa watu nisiowajua. Mmoja anasema waya mwembamba hufanya sauti iwe kavu. Mwingine anasema ncha ziwe za dhahabu. Mwingine anasema plastiki si kitu, tafuta wa kioo. Nikanunua mnene. Nikanunua uliosukwa kwa nje kama kamba. Nikanunua wenye ncha za dhahabu, na siku ile Abdalla alinieleza kwa upole kwamba dhahabu husaidia waya wa shaba, lakini mwanga hauna habari na dhahabu. Ukifika umefika, usipofika utasikia kimya au kukatakata. Hakuna kufika kitamu zaidi. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mhubiri wa kwenye soko, nikachukua waya wangu nikaondoka. Nami nikifika nyumbani nilisikia tofauti, Nekesa. Naapa niliisikia. Filimbi ziling'aa, ngoma zikashuka chini. Niliwaketisha wewe na mama yako kwenye kochi nikabadilisha waya, nikawauliza upi ni mzuri. Mama yako alisema zote ni sawa, nikamwonea huruma. Wewe ulisema ule mpya, kila mara. Nikasema, unaona? Damu.

Wakati huo huo sikio lako la kushoto lilikuwa likitoa usaha. Lilikuwa limeanza ukiwa mdogo: linatoka, tunapangusa, tunaweka matone kutoka duka la dawa, linakauka, linarudi. Mama yako ndiye aliyeanza kusema husikii vizuri. Alisema unageuza kichwa ukiitwa, kama kuku anayetafuta mdudu. Mimi nilisema ni ukaidi. Kisha mwalimu wako wa darasa la nne, Madam Chebet, akatuita shuleni, akasema wewe si mjinga hata kidogo lakini akigeukia ubao unapotea kabisa, na kwamba uende upimwe.

Nikakupima mwenyewe. Nilikuketisha kwenye kochi, nikashika rimoti, nikakwambia uinue mkono kila unaposikia mlio. Uliinua kila mara bila kukosa. Nikatoka nje kumwita mama yako kwa furaha. Miaka mingi baadaye ndipo uliponiambia, ukicheka, kwamba ulikuwa unaangalia kidole changu kikibonyeza. Nilicheka nawe. Kisha nikaenda choo cha nje nikakaa huko muda mrefu.

Mama yako hakuridhika na kipimo changu. Alitafuta miadi ya kliniki ya masikio, na kliniki ile ilikuwa siku moja tu kwa wiki. Siku chache kabla, nyanya yako akaugua kule Ndabibi, ikabidi mama yako aende kumuuguza. Akaniachia kazi moja. Alinishika mkono pale mlangoni akasema, "Simiyu, usikose." Nami nikaomba ruhusa kazini, nikakuvisha sweta, tukatoka asubuhi.

Njiani Abdalla akanipigia simu. Waya wa kioo niliokuwa nimeagiza ulikuwa umefika kutoka Nairobi. Nikajiambia duka liko njiani, tutapita mara moja tu.

Hatukupita mara moja. Nilitaka kuujaribu pale pale. Kisha nikataka kuulinganisha na ule wa dhahabu. Kisha mteja mwingine akaingia anayejua mambo hayo, tukaanza kubishana. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kreti karibu na mlango ukiangalia watu barabarani. Abdalla akakuita akupe soda, akiwa nyuma yako. Akakuita tena. Akapiga makofi. Hukugeuka. Akazunguka mbele yako, ukamwona, ukatabasamu, ukapokea soda kwa mikono miwili kama ulivyofundishwa. Aliporudi kwangu aliongea kwa sauti ya chini.

"Simiyu, mtoto huyu hasikii."

Nikamwambia una aibu ya wageni. Aliniangalia, halafu akaanza kukunja nyaya zake.

Tulipofika hospitali walikuwa wameacha kupokea wagonjwa wapya. Nesi akasema turudi wiki ijayo. Na hapa nataka nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote: sikusikitika. Nilihisi nafuu. Nilikuwa nimebeba waya kwenye mfuko wa koti, na nilihisi nafuu kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Nikakununulia keki. Mama yako aliporudi kutoka Ndabibi, nikamwambia daktari amekuangalia akasema ni nta tu, itatoka yenyewe. Ulikuwa umekaa meza moja nasi. Ulikuwa unatutazama mmoja baada ya mwingine, hukujua nasema nini juu yako.

Sasa ndiyo Pasaka.

Barasa alikuja na mke wake, na baada ya ibada wakaja watu wa kwaya, sebule ikajaa hadi wengine wakakalia mikono ya makochi. Nilikuwa nimeipanga siku hiyo. Nilikuwa na video ya kwaya yetu niliyorekodi mwenyewe, na nilitaka wajisikie kwanza kwa waya wa kawaida, halafu kwa ule wa kioo. Nawe nikakuweka katikati ya kochi. Nikawaambia wageni kwamba wao wanaweza kukosea, lakini mjukuu wa Masikio hakosei, atatuambia upi ni mzuri.

Nikaweka wa kwanza. Kwaya ikaimba. Ukasema ni mzuri. Nikainama nyuma ya amplifaya, nikachomoa, nikachomeka ule wa kioo, nikainuka, nikabonyeza rimoti. Kwenye TV wanakwaya wakafungua midomo. Hakukuwa na sauti. Hata kidogo. Unajua nyaya hizi zikiwa mpya huja na kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kila ncha, cha kuzuia vumbi. Nilikuwa nimekitoa asubuhi kuupiga picha, nikakirudisha ili usichafuke, nikakisahau. Mwanga ulikuwa umezibwa. Nilikuwa bado naiangalia amplifaya nikishangaa, ulipoinua mkono.

"Huu ndio mzuri, Baba," ukasema. "Unasikika safi zaidi."

Barasa akacheka. Alidhani ni mzaha niliokufundisha. Watu wawili watatu wakacheka naye, kisha wakanyamaza kwa sababu wewe hukuwa unacheka. Ulikuwa unaniangalia ukingoja nifurahi. Kwenye TV midomo ilikuwa ikifunguka na kufungika. Mama yako alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya chapati, na alikuwa ananiangalia mimi, si wewe.

Nilijua, Nekesa. Wasikudanganye kwamba sikuelewa. Katika muda ule mfupi nilijua kila kitu: Madam Chebet, Abdalla, kidole changu kwenye rimoti, ile nta. Nilijua mtoto wangu hasikii na kwamba ninyi wote mlinipa nafasi ya kuliona na nikakataa. Ningeweza kuja kukaa kando yako. Ilikuwa ni hatua mbili. Badala yake nikaona nyuso za wageni.

Nikasema, "Umeanza lini kudanganya wageni wangu? Toka hapa."

Hukulipata neno. Ulinitazama mdomoni ukauliza, "Nini, Baba?"

Nami nikarudia. Nikarudia kwa sauti kubwa, polepole, neno moja moja, ili ulipate.

Ulilipata. Ukashuka kwenye kochi, ukapita katikati ya magoti ya watu ukiomba njia kwa adabu, ukaenda chumbani. Mimi nikainama, nikakiona kile kifuniko, nikakitoa, nikasukuma ncha hadi ikalia tik, na kwaya ikajaa nyumba nzima. Watu wakapiga makofi. Nikawaacha wapige.

Wiki iliyofuata mama yako alikupeleka hospitali bila kuniaga. Huko akatafuta faili yako ya mara ya kwanza, na faili haikuwepo. Daktari alisema maradhi yalikuwa yametoboa ngoma ya sikio la kushoto na kula vimifupa vya ndani, na la kulia lilikuwa limeanza kufuata. Alisema ungeletwa mapema kuna kiasi kingeokolewa. Kiasi gani, mimi sijui. Mama yako hakuniambia na mimi sijawahi kuuliza. Jioni ile aliosha vyombo vyote, akafuta mikono, akasema, "Daktari ameniuliza ni nani alimwona mtoto wetu mara ya kwanza." Kwa muda mrefu baada ya hapo tuliongea juu ya unga na karo, basi.

Ningependa kukwambia nilibadilika siku hiyo. Sikubadilika. Ulipopata vifaa vya masikio, nilikuwa nakwambia uvae kitambaa kichwani ukienda kanisani, nikisema kuna vumbi. Kuna siku tulikuwa mjini mimi na wewe, tukakutana na mwenzangu wa ghala. Akaona kile kifaa, akauliza mtoto ana nini sikioni. Nikamwambia ni earphone, watoto wa siku hizi na muziki. Tukacheka mimi naye. Nilipokugeukia ulikuwa unaniangalia mdomo. Kufikia wakati huo ulikuwa umekwisha kuwa hodari wa kusoma midomo kuliko mimi wa kusoma mizani. Tulitembea hadi nyumbani na hukunishika mkono, na tangu siku hiyo hukunishika tena.

Kilichonivuta nje ya aibu hiyo kilikuwa kidogo, na ulikifanya wewe. Ulikuwa kidato cha pili. Tulikuwa tunaangalia filamu ya Kizungu, ukaja ukachukua rimoti mkononi mwangu bila kuomba, ukaweka maandishi chini ya picha, ukairudisha mkononi mwangu, ukaketi. Nilikasirika kwanza. Kisha nikaanza kusoma, nikagundua kwamba nusu ya yale waliyokuwa wakisema sikuwa nikiyasikia. Kwa miaka yote, na nyaya zangu zote, nilikuwa nikisikia filimbi zinavyong'aa na sikujua wale watu wanaambiana nini. Nilitaka kukwambia hilo usiku ule. Nikasema tu kwamba maandishi ni madogo. Ukayakuza.

Wiki iliyopita tulikwenda kwa Abdalla kununua waya wa kile kisanduku chako, kile kinachopeleka sauti ya TV moja kwa moja kwenye vifaa vyako vya masikio. Sikuwa nimeingia naye kwenye mambo ya optical kwa miaka. Alitandaza nyaya tatu juu ya meza, na kusema kweli nilihisi damu ikinichemka kama mlevi aliyepita karibu na baa. Wewe ulimuuliza maswali mawili tu: kama ncha zake ni za mraba, na kama kuna wa urefu wa wastani, kwa sababu ukiwa mfupi utavutika na ukiwa mrefu sana utaukunja, na ukikunjwa pembe kali mwanga unapotea. Ukatoa utepe wako wa kupimia pale pale dukani. Mpima ardhi kweli! Halafu ukachagua ule mwembamba mweusi, wa kawaida, ndugu wa ule wa kwanza kabisa. Mdomo wangu ulifunguka nikwambie chukua ule mnene. Abdalla akanitazama. Nikasema ni chaguo zuri, na ilikuwa kweli.

Kwa hivyo kuhusu nyaya sina la kukufundisha. Ukiwasha huko Isiolo na usikie kimya, ingia kwenye mipangilio ya TV, upande wa sauti, uchague PCM, maana kisanduku kile hakielewi lugha nyingine. Hilo tu.

Lakini kuna jambo moja nimeliona kwako na linaninyima usingizi, kwa sababu najua ulilitoa wapi. Mtu akikwambia kitu na hukukipata, unatabasamu na kuitikia ndiyo. Nimekuona ukimfanyia hivyo mchungaji, nimekuona ukimfanyia hivyo kondakta, na mama yako pia. Hukuzaliwa nalo. Ulilifundishwa kwenye kochi langu, na mtu aliyekuwa akifurahi ukiitikia na kukufukuza ulipokosea. Kule unakokwenda utakuwa mtu wa kushika mti wa kupimia upande mmoja wa shamba, na mkubwa wako upande wa pili anakupigia kelele. Usimwitikie kama hujapata. Mwambie arudie. Mwambie akuonyeshe kwa mkono. Akiudhika, na audhike. Mimi niliwahi kuudhika nawe bila haki na bado uko hapa, una cheti, una kazi. Hasira ya mtu haijakuua. Ni ile ndiyo ya uongo iliyokuchukulia sikio, na aliyeitaka ni mimi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ningekuwa nakuomba uitikie tena.

Jana nilimpigia Barasa. Nilikuwa nimeamua nimweleze, kwa sababu yeye ndiye aliyecheka kwanza siku ile, na kwa miaka yote hii nimemwacha aamini kwamba wewe ni mtoto aliyesema uongo mbele ya watu. Mama yako alikuwa karibu. Nikamwambia yote, kliniki, waya, ile nta. Barasa alinisikiliza hadi mwisho.

Kisha akasema, "Simiyu, sisi wote tulijua tangu siku ile. Tulipotoka kwako mke wangu alilia njia nzima. Ni wewe tulikuwa tukikungoja."

Nikaangalia mama yako. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Basi ndivyo ilivyo. Nilikuwa nikificha kitu ambacho kila mtu alikuwa amekiona, na wa pekee aliyekuwa gizani ni wewe, uliyekua ukidhani watu wale walitoka hapa wakikuona mwongo. Hawakukuona hivyo hata siku moja. Nilitaka ulijue hilo kabla hujaondoka, hata kama mengine yote ya barua hii utayatupa.

Nilikukosea mbele ya watu, na barua inayosomwa na mtu mmoja haitoshi. Barasa na mke wake watakuja Desemba. Wanakwaya waliobaki nitawaalika. Nitasimama pale sebuleni niwaambie kwa sauti, nikiwa nimeinua uso, kilichotokea na aliyekitenda. Ukitaka kuwa ndani wakati huo, nitakutengea nafasi. Ukitaka uwe jikoni na mama yako, au usirudi kabisa Desemba hiyo, nitasema vile vile.

Kuku amekwisha kuiva, wananiita. Natoka sasa. Nikiwa kimya mezani, ujue ni kwa sababu nimekwisha kusema hapa.

Baba yako,
Simiyu